Poligliserol esta kwenye maji: kwa nini moja inapotea na nyingine inaelea

Watu wa losheni, sabuni na keki hapa Mwanza wananiuliza swali moja kila mara, "hivi hii poligliserol esta inayeyuka kwenye maji au haiyeyuki?" na jibu langu huwa linawaudhi maana na mimi nauliza, ipi? Juzi kati dada mmoja wa Igoma anayetengeneza losheni kanitumia picha, kanunua kopo limeandikwa poligliserol esta, kachota kijiko katia kwenye jagi la maji ya bomba kakoroga weee, mwisho zimeelea chengachenga za nta rangi ya njano mpauko na maji chini yako vile vile. Rafiki yake yuko Nyakato, ana kopo lenye jina karibu hilo hilo, akitia lake kwenye maji linapotea kabisa, yanabaki maji safi yenye povu kidogo juu. Kila mmoja anamwambia mwenzake kauziwa feki. Hamna feki hapo. Lile jina ni la familia nzima ya kemikali za kuchanganya mafuta na maji, ndani yake kuna zinazoyeyuka mpaka huzioni, kuna zinazogeuza maji kuwa maziwa, kuna zinazotengeneza uji mzito mweupe, na kuna moja ambayo ukiipeleka kwenye maji haitaki hata kuyagusa.

Iko hivi. Chukua gliserini, ile ile ya dukani watu wanayopaka kiangazi ngozi ikipauka. Molekyuli yake ni ndogo tu, kaboni tatu, na kila kaboni imebeba haidroksili moja, yani oksijeni na haidrojeni yake. Hizo haidroksili ndo zinashikana vizuri na maji, ndo maana gliserini inachanganyika na maji kwa kiwango chochote unachotaka. Sasa ukiichemsha gliserini ikapita nyuzi 200, ukaweka na alkali kidogo ya kuchochea, molekyuli mbili zinaungana na kutema molekyuli moja ya maji, unapata digliserol. Ikija ya tatu unapata trigliserol, unaendelea hivyo, kuna heksagliserol yenye sita, kuna dekagliserol yenye kumi. Hesabu ya haidroksili ni rahisi, idadi ya gliserol jumlisha mbili, kwahiyo digliserol ina nne na dekagliserol ina kumi na mbili. Huo mnyororo ndo kichwa cha molekyuli yetu, upande unaopenda maji.

Mkia unatoka kwenye mafuta. Mafuta yoyote ya kupikia ukiyavunja unapata gliserini pamoja na fati asidi, na fati asidi ni mnyororo wa kaboni, kumi na mbili ikiwa ya lauriki, kumi na sita ya palmitiki, kumi na nane ya stiariki na oleiki. Unaunganisha hiyo fati asidi kwenye haidroksili mojawapo ya kile kichwa, maji yanatoka tena, kiungo kinachobaki ndo kinaitwa esta. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa tunaokaa na mafuta ya pamba, mafuta hayo yamejaa zaidi linoleiki, kama nusu hivi, na palmitiki karibu robo, lauriki hamna ya maana humo, lauriki inatoka kwenye nazi na kwenye kiini cha mawese. Hili lishike maana mkia wa lauriki na mkia wa stiariki vina tabia mbili tofauti kabisa ukivipeleka kwenye maji.

Kwa nini mkia unakimbia maji? Watu wanasema mkia "unachukia" maji, ila kwa kweli mkia hauna shida, maji ndo yana shida. Molekyuli za maji muda wote zinashikana na kuachiana kila upande, sasa ukichomeka mnyororo wa kaboni katikati yao, zile zilizouzunguka zinakosa wa kushikana naye upande ule, inabidi zijipange kwa utaratibu maalum ili zisipoteze vifungo vyao, na kujipanga huko ni kupoteza uhuru. Kwahiyo hali inayoyafaa maji ni mikia kuondolewa. Na sehemu ya kwanza ya kuiondolea ni juu, pale maji yanapokutana na hewa, mkia unachungulia hewani na kichwa kinabaki majini. Hapo ndo neno safaktanti linapoingia, kemikali inayopenda kukaa usoni kwa maji.

Kama unakaa karibu na ziwa hili utaliona mwenyewe kwa jani la gimbi. Dondoshea tone la maji juu yake, linakaa duara, ukiinamisha jani linaviringika na kuanguka bila kuacha hata unyevu. Chukua njiti, ichovye kwenye sabuni ya maji, gusa lile tone, linalegea pale pale, linajitandaza na kung'ang'ania jani. Kilichotokea ni kwamba uso wa maji ulikuwa unavutwa kwenda ndani, maana molekyuli za juu hazina jirani wa kuzishika upande wa hewa, na nguvu hiyo kwa maji safi ya nyuzi 25 ni kama milinyutoni 72 kwa kila mita. Safaktanti zikishajaa usoni, mvutano unashuka. Poligliserol esta nzuri ya mkia wa lauriki inaushusha mpaka karibu 30. Wakulima wa nyanya na kabichi wanalijua hili bila namba, dawa isipowekewa kitu cha kuifanya ishike, kwenye jani la kabichi inateleza yote inaishia chini.

Kwa kupita tu, mmoja wa walioanzisha kupima uso wa maji kwa utaratibu mzuri alikuwa mama wa nyumbani, Agnes Pockels wa Ujerumani, hakusoma chuo, alifanyia majaribio jikoni kwake kwa karai la bati, na mwaka 1891 barua yake aliyomwandikia mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, ikachapishwa kwenye jarida la Nature. Kwahiyo mtu akikwambia mambo haya lazima maabara kubwa, mwambie apumzike.

Turudi kwenye maji. Unaongeza esta, mvutano unashuka, unaongeza, unashuka, alafu inafika mahali hata ukimimina kopo zima mvutano haushuki tena. Waliowahi kufika Igombe wakaona dagaa wanavyoanikwa juu ya chanja watanielewa haraka, chanja likishajaa, dagaa wengine unawaacha kwenye lundo chini, ukileta ndoo nyingine chanja linabaki vile vile, kinachoongezeka ni lundo. Uso wa maji ndo chanja, ukishajaa molekyuli zinazobaki zinajikusanya ndani ya maji kwa makundi, mikia imejificha katikati na vichwa vimegeukia nje, na kundi hilo linaitwa misela. Kiwango ambacho misela zinaanza ndo kiwango muhimu kuliko vyote kwa mtu anayetengeneza bidhaa, kwa sababu misela ndo zinabeba mafuta, pafyumu na uchafu ndani yake, chini ya kiwango hicho hamna kitu cha kubebea.

Na hapa poligliserol esta zinaonyesha ubavu wao. Sodiamu laurili salfeti, ambayo ina mkia wa kaboni kumi na mbili na kichwa chenye chaji, inahitaji kama gramu 2.3 kwa lita ya maji ndo misela zianze. Weka mkia ule ule wa kaboni kumi na mbili kwenye kichwa kisicho na chaji kama cha poligliserol, kiwango kinashuka makumi ya mara. Sababu ni kwamba vichwa vyenye chaji moja vinasukumana, kuvikusanya pamoja ni kazi, visivyo na chaji havina huo ugomvi. Alafu ukirefusha mkia kwa kaboni mbili tu, kiwango kinashuka tena kama mara kumi kwa safaktanti za aina hii zisizo na chaji. Ndo maana mtu akiniambia nimeweka vijiko vitano nimeona haina nguvu niongeze, huwa namwambia subiri kwanza, tatizo lako huenda sio wingi.

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe, kwa nini kopo hili linayeyuka na lile halitaki. Kuna vitu vitatu vya kucheza navyo kiwandani, urefu wa kichwa, urefu wa mkia, na idadi ya mikia kwenye kichwa kimoja. Mwaka 1949 mkemia William Griffin wa kampuni ya Atlas Powder ya Marekani alileta kipimo kinaitwa HLB, kinaanzia sifuri kwa kitu cha mafuta matupu mpaka 20 kwa kitu cha maji matupu. Za 4 mpaka 6 hivi zinafaa kushikilia maji ndani ya mafuta, za kuanzia 8 kwenda juu zinafaa kushikilia mafuta ndani ya maji, na ukishafika 13, 15, unaingia eneo la kuosha na kuyeyusha. Kwa esta hesabu yake unaifanya na simu yako: chukua namba ya saponifikesheni ya esta, yani kiasi cha alkali kinachohitajika kuvunja gramu moja yake, igawe kwa namba ya asidi ya ile fati asidi ya mkia, yani kiasi cha alkali kinachohitajika kuimaliza asidi ya gramu moja, jibu litoe kwenye moja, zidisha kwa 20.

Nimepiga hesabu za molekyuli safi kwa karatasi. Dekagliserol yenye lauriki moja, saponifikesheni yake inatoka kama 60, lauriki yenyewe ni 280, HLB inakuja 15.7, hiyo inaingia kwenye maji bila kubishana. Digliserol yenye lauriki moja inatoka 8.5. Digliserol yenye oleiki moja, 6.9. Sasa angalia hii, chukua ile ile dekagliserol iliyokuwa inaongoza, ibebeshe oleiki kumi badala ya lauriki moja, HLB inaporomoka mpaka 3.4. Kichwa hakijabadilika hata chembe! Mtu akikwambia "dekagliserol zinayeyuka kwenye maji" amekwambia nusu ya habari, na hiyo nusu ndo inayopoteza hela za watu.

HLB ni namba ya haraka tu, mi naiamini kwa kuchagua pa kuanzia, siiamini kunieleza nitaona nini kwenye glasi. Kwa hilo inabidi uangalie umbo. Mwaka 1976 wanasayansi Israelachvili, Mitchell na Ninham waliandika kwamba ukijua mkia una ujazo gani, una urefu gani, na kichwa kinachukua eneo gani usoni, unaweza kukisia kundi litakaa vipi. Kichwa kipana na mkia mmoja mwembamba, molekyuli zinajikunja kuwa mpira mdogo. Kichwa kikipungua upana zinarefuka kuwa vijiti. Kichwa na mkia vikilingana upana hazina sababu ya kujikunja, zinalala tabaka kwa tabaka. Na mikia ikizidi kichwa mambo yanageuka, maji ndo yanafungiwa ndani na mikia inatazama nje.

Hiyo ndo picha ya makopo yetu. Dekagliserol laureti, yani ile yenye mkia wa lauriki, ina kichwa kikubwa, inatengeneza misela za nanomita chache, na kwa kuwa mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 mpaka 700, misela ni ndogo mno kuusumbua, kwahiyo unaona maji safi. Digliserol laureti kichwa chake ni kidogo, inapendelea matabaka, kwenye maji mengi yale matabaka yanajifunga kuwa vifuko na vipande vikubwa vinavyotawanya mwanga, unaona maziwa. Haijaharibika, haijashindwa kuyeyuka kwa maana ya kushindwa kazi, yani imetawanyika, na kwa losheni hiyo hali ya matabaka ni nzuri sana kwa sababu matabaka yanayozunguka tone la mafuta yanazuia matone yasiungane. Nimeona watu wanamwaga dumu zima kwa sababu tu maji yamekuwa meupe, inauma.

Kwa wale wa sabuni ya maji, hapa kuna jambo mnalifanya kila siku na sasa mtaelewa linafanyaje kazi. Mnatia chumvi kwenye mchanganyiko wa slesi (SLES, ile safaktanti ya povu ya sabuni ya maji) na unakuwa mzito, si ndio? Slesi ina chaji, vichwa vyake vinasukumana kwahiyo vinataka nafasi kubwa, unapata mipira midogo inayopishana kirahisi na sabuni inakuwa nyepesi kama maji. Chumvi inaficha zile chaji, vichwa vinasogeleana, mipira inarefuka inakuwa minyoo mirefu inayojisokota pamoja, na msokotano huo ndo uzito mnaouona, alafu mkizidisha chumvi inarudi kuwa nyepesi. Poligliserol esta haina chaji ya kuficha. Unaweza kumwaga chumvi mpaka uchoke, ile yenye kichwa kirefu itabaki nyepesi vile vile, kwahiyo uzito inabidi uutafute kwa kitu kingine. Na povu lake halilingani na la slesi, mteja wa Makoroboi anayepima ubora wa sabuni kwa povu hutamshawishi. Faida yake iko kwenye upole kwa ngozi, na kwenye kubeba pafyumu na mafuta bila kusumbuka.

Turudi kwa kopo la chengachenga. Lile lilikuwa la mkia wa stiariki na kichwa kifupi, aina inayotumika kwenye vyakula kwa namba E475. Kanuni za Ulaya kwa E475 zinataka kichwa kiwe zaidi cha digliserol, trigliserol na tetragliserol, na zile zenye gliserol saba kwenda juu zisizidi asilimia 10, kwahiyo hata kabla ya kufungua kopo unajua hiki sio kitu cha kupotea kwenye maji. Tatizo la pili ni joto. Mikia ya stiariki imenyooka, inapangana kwa kubanana na kuganda, na esta hizi nyingi zinalainika kwenye nyuzi 50 mpaka 60. Maji ya bomba ya Mwanza yana nyuzi ishirini na kitu. Utakoroga mpaka mkono ufe, mikia imeganda na maji hayana pa kupenyeza. Pasha maji na esta mpaka nyuzi 70 au 75, koroga, mikia inalegea, maji yanaingia katikati ya matabaka na kuyavimbisha, unapata mchanganyiko laini. Ukiuacha upoe huku unakoroga taratibu, mikia inaganda tena lakini safari hii maji yamefungiwa katikati, unapata uji mzito mweupe unaong'aa kidogo. Na tusiogope kwamba tuko juu, ziwa liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, kwahiyo 75 unaipata bila shida.

Huo uji mweupe watu wa keki wanaujua vizuri ingawa hawajui kama wanaujua, ni ndugu wa ile jeli ya keki ya kwenye ndoo. Mikia iliyoganda inaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja. Kuna mpangilio uliolegea unaoitwa alfa, mikia inaweza bado kujizungusha, maji yanakaa katikati, na mpangilio huu unapenda sana kukaa kwenye uso wa mapovu ya hewa na kuyafunika yasipasuke. Kuna mwingine umebana unaitwa beta, ukifika huko maji yanasukumwa nje, unapata punjepunje na keki yako inakuwa nzito. Monogliseridi, yani gliserini moja yenye mkia mmoja, zile E471 za kawaida, zikiwa peke yake na maji zina tabia ya kuhama kutoka alfa kwenda beta kadri siku zinavyopita. Poligliserol esta zinakaa kwenye alfa muda mrefu zaidi, kwa sababu vichwa vyake ni vikubwa na havifanani, haviwezi kubanana vizuri, na zikichanganywa na monogliseridi zinazizuia na zenyewe zisihame. Ndo maana kwenye lebo za jeli ya keki mara nyingi utakuta hizo namba mbili zimeandikwa pamoja. Ukiangalia bakuli ya mpigaji keki mzoefu utaona, mayai na sukari na unga na jeli vinaingia vyote kwa mara moja, mashine inapigwa, dakika chache rangi inapauka, mchanganyiko unapanda mpaka karibu na mdomo wa bakuli na mwiko ukipita unaacha mfereji usiozibika haraka. Mafuta ya keki yangepasua mapovu yanayoshikwa na yai peke yake, lakini yale magamba ya alfa yameshawahi uso.

Kuhusu maji magumu nina neno. Wauzaji wengi wanasema safaktanti zisizo na chaji hazijali maji magumu, na kwa molekyuli safi ni kweli, kalsiamu na magnesiamu hazina cha kushika kwenye poligliserol, tofauti na sabuni ya mche ambayo kwenye maji magumu inageuka ukoko mweupe. Ziwa letu lina maji mepesi, chumvi kidogo sana, kwahiyo anayetumia maji ya ziwa hata sabuni ya mche inamtendea vizuri, shida wanaiona waliochimba visima sehemu zenye maji magumu. Ila kopo sio molekyuli safi. Ile alkali ya kuchochea kiwandani ikikutana na fati asidi inatengeneza sabuni kidogo, na sabuni hiyo mara nyingi inabaki ndani ya bidhaa. Kiasi ni kidogo lakini kazi yake ni kubwa, inaweka chaji hasi kwenye matabaka, matabaka yanasukumana na kuachana, maji yanaingia kirahisi. Sasa leta maji magumu ya kisima, au tia limao au asidi ya sitriki, ile sabuni inakufa, matabaka yanasogeleana, na mchanganyiko uliokuwa laini jana leo unajikata. Mtu anashangaa, si waliniambia haijali maji? Esta haijali, sabuni iliyojificha ndani yake ndo inajali. Ukihama kutoka maji ya ziwa kwenda ya kisima jaribu upya kwa kiasi kidogo kabla hujapika dumu.

Joto lina habari yake pia. Safaktanti nyingi zisizo na chaji za viwandani vichwa vyake vimetengenezwa kwa ethilini oksaidi, na hivyo ukivipasha vinaachia maji, kwenye joto fulani mchanganyiko uliokuwa safi unageuka ukungu alafu unajitenga. Poligliserol, kwa zile haidroksili zake nyingi, inashikilia maji vizuri zaidi joto likipanda, kwahiyo tabia zake hazibadiliki kirahisi hivyo. Kitu kinachoifunga njia ni alkali kali. Kiungo cha esta kinavunjwa na kostiki, ndo kile kile kinachotokea unapopika sabuni ya mche, kwahiyo kama unafikiria kuitia kwenye sabuni ambayo kostiki bado haijaisha, utakuwa umenunua kitu cha gharama ukakigeuza kuwa sabuni ya kawaida na gliserini za kuunganishwa.

Ile inayokataa maji kabisa niliyoitaja mwanzo ni poligliserol polirisinoleti, E476. Mkia wake unatoka kwenye mafuta ya nyonyo, ambayo karibu asilimia 90 ni asidi ya risinoleiki, alafu hizo asidi zenyewe zinaunganishwa moja juu ya nyingine kabla ya kupachikwa kwenye kichwa, unapata mikia mirefu yenye matawi. Ukiidondosha kwenye maji inabaki tone la mafuta mazito. Kazi yake ni kinyume, kushikilia maji ndani ya mafuta, kwenye majarini yenye maji mengi huko ndo kwake, na kwenye chokoleti inaifanya itiririke kirahisi kwenye chombo cha kuipa umbo. Ulaya chokoleti hairuhusiwi kuzidi gramu 5 zake kwa kilo. Wanaoogopa kula hizi "kemikali" wajue mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliziangalia upya mwaka 2017, kwa E475 ikaona hakuna haja hata ya kuweka kiwango cha kula kwa siku, na kwa hii ya nyonyo ikaweka miligramu 25 kwa kila kilo ya mwili.

Kilichobaki ni kununua. Neno "dekagliserol" kwenye lebo ni wastani. Ndani kuna minyororo mifupi, mirefu, mingine imejifunga duara, na mikia mingine iko moja mingine miwili kwenye kichwa, hakuna kopo la kawaida lenye molekyuli ya aina moja. Ndo maana kopo mbili za viwanda viwili zenye jina moja zinaweza kutofautiana, hata zote zikiwa halali. Kwahiyo muulize muuzaji gliserol ni ngapi, fati asidi ni ipi, na mkia ni mmoja au mingi, na akishindwa kujibu omba karatasi ya kiwandani uangalie saponifikesheni. Ikiwa karibu 60 na mkia ni lauriki, tegemea maji safi. Ikiwa karibu 130 na mkia ni oleiki, tegemea maziwa. Ikifika 165 na oleiki, hiyo peleka upande wa mafuta, maji yaongeze baadae kidogo kidogo huku unapiga. Namba ya asidi nayo iangalie, ikiwa kubwa maana yake kuna fati asidi huru iliyobaki bila kuunganishwa, na hiyo inaweza kuchangia harufu ya mafuta ya zamani kwenye losheni baada ya muda hata kama ulipima kila kitu sawa.